Chaneli Isiyo na Watazamaji

Mama yangu haoni, mwaka wa sita sasa, na kitu alichokipenda kuliko vyote nyumbani ni televisheni. Wageni walicheka, kisha wakaona aibu. Aliiwasha asikilize redio. Kampuni ya kebo ilikuwa inaleta redio ishirini na mbili kwenye chaneli za mwisho, mojawapo ya mji wa mbali anakoishi mama mdogo, ambayo redio yetu ya betri haikuwahi kuinasa hata siku moja. Nilimwekea tone la gundi kwenye rimoti, juu ya nane, namba ya kwanza ya chaneli hiyo, ili kidole chake kisipotee.

Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na kipindi cha salamu. Mama na mdogo wake walikuwa hawapigiani simu kwa miaka tisa, tangu wagombanie cherehani ya marehemu bibi. Lakini salamu walipelekeana. "Namsalimu dada yangu mkaidi," mtangazaji alikuwa akisoma. Wiki inayofuata ni zamu ya Mama, mimi nikimwandikia ujumbe: "Namsalimu mwizi wa cherehani, namtakia afya njema." Ndiyo ilikuwa amani yao, na iliwatosha.

Mwezi uliopita kidole kikabonyeza namba zake, akatokea mtu anauza sufuria.

Nikampeleka Mama kwenye ofisi ya kampuni. Kiyoyozi, maua ya plastiki, na bango kubwa: TUNAKUSIKILIZA. Nilimsomea.

"Kwa redio ipi?" Mama akauliza.

Binti wa mapokezi alikuwa na sauti ya asali. "Mama, tumeziondoa ili kuboresha huduma. Takwimu zinaonyesha chaneli zile hazikuwa na watazamaji."

"Zilikuwa redio, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Hazikuwa na watazamaji kabisa."

Mama akavua miwani yake myeusi. "Hapo umesema kweli. Mimi mwenyewe sikuwahi kuzitazama."

Binti akampa fomu ya maoni ajaze. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Nyumbani nilimwambia Mama tutume salamu hivyohivyo. Akakataa. "Nijibu nisichokisikia?" Jumamosi tatu alikaa mbele ya yule muuza sufuria wa televisheni, kichwa kimeinama. Ya nne simu ikalia. Alikuwa mama mdogo. Nikaweka sauti ya nje.

"Kwa hiyo ndiyo umeamua kuninyamazia?"

"Nani kakunyamazia?"

"Wiki ya tatu hii tangu nikuombe msamaha redioni. Mji mzima umesikia. Sokoni wananiuliza dada kajibu nini. Au hukusikia?"

Nilifungua mdomo nieleze habari za kampuni. Mama akanifinya paja.

"Nilisikia," akasema. "Neno kwa neno. Nilikuwa natafakari."

"Halafu?"

"Yameisha. Njoo na cherehani."

Mama mdogo alilia simuni, na Mama akamwacha alie. Simu ilipokatika nilimuuliza kwa nini hakumwomba ayarudie.

"Yule? Angejua sikusikia, angekana kwamba alisema."

 Kisha akasema, "Miaka tisa nimeyasubiri maneno yale. Leo nimesamehe, wala sijui aliniomba vipi."

Akaomba rimoti. Akalipapasa tone la gundi, akalibandua kwa ukucha.