Njia Iliyofika Mlangoni kwa Glenys

Kila Jumatano saa tatu na nusu asubuhi, wanachama kumi na wanne wa Chama cha Matembezi walikuwa kwenye geti la msitu, magharibi mwa Auckland, wakisugua viatu. Hapo pana sanduku lenye brashi pande mbili, na mahali pa kukanyaga ili dawa irushwe kwenye soli. Mikauri, miti mikubwa ya huko, hufa kwa ugonjwa unaosafiri na udongo, kwa hiyo watu husafisha viatu wakiingia, na tena wakitoka. Glenys Harbottle, kiongozi wa chama kwa miaka kumi na saba, alikagua soli moja moja kama mwalimu anayekagua kucha za watoto.

Njia yenyewe ilikuwa ya saa moja na nusu, na jarida la chama liliipa daraja la wastani kwa ugumu. Kwa Sisilia Fonua ilikuwa ya dakika arobaini. Alipoikanyaga, kilima kilijilaza, matope yalikauka na kona zilijinyoosha. Sisilia alikuwa mjane wa Kitonga, mzaliwa wa visiwani, aliyestaafu kazi ya kufua nguo hospitalini, na alijiunga na chama mwezi Machi kwa sababu daktari alimwambia atembee. Jumatano ilikuwa siku pekee ambayo mtu alimwita kwa jina lake. Siku ya kwanza alifika kwenye mkauri mkubwa, mwisho wa njia, akawangoja wenzake akiwa ameshakata keki ya nazi.

Wanachama wengi walikuwa wastaafu, na watu wa umri ule wana magoti yanayouma. Hawakuchelewa kugundua kwamba anayetembea nyuma ya Sisilia hupata njia ileile anayoipata yeye. Kufikia Mei wote walikuwa wamejipanga nyuma yake, na Murray, katibu, alibadilisha daraja kwenye jarida likawa rahisi, akashauri watu waje na chupa ndogo za chai. Glenys aliendelea kutangulia na ramani na filimbi yake, akipanda kilima cha siku zote, na kila wiki alipitwa kwenye kona ya pili.

Kijicho kilimkaba. Hakulala vizuri, hakula vizuri.

"Miaka kumi na saba naifyeka, naipigilia mbao," alimwambia Murray. "Leo inamnyenyekea mtu aliyekuja juzi."

"Si umfuate tu nyuma? Mimi magoti yangu yamepona."

"Kiongozi hafuati mtu, Murray."

Jumatano moja ya Juni aliapa kufika wa kwanza. Jumapili iliyotangulia alikuwa ametembea kwenye msitu wa kaskazini ambako mikauri ilikuwa imeanza kufa, na buti zake bado zilikuwa na udongo wa huko. Alipofika getini alimkuta Sisilia ameinama, anasugua. Wengine walikuwa bado wanashuka magarini. Glenys akalipita sanduku bila kugusa brashi.

"Dada Glenys, viatu," Sisilia alimwita kwa sauti ya chini.

"Angalia vyako, bibie."

Alikimbia. Aliufikia mkauri kabla ya wote, akasimama juu ya mizizi yake akihema. Furaha hiyo ilidumu dakika nne.

Kufikia Februari mkauri ulikuwa unavuja utomvu chini ya shina. Watunza msitu wakaufunga mwisho wa njia kwa mnyororo, wakataka chama kiseme nani hakusafisha viatu. Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa maskauti na biskuti za tangawizi. Glenys alisema yeye hamtaji mtu, ila wajumbe wajiulize wenyewe, anayemaliza njia kwa dakika arobaini anaupata wapi muda wa kusugua. Ikapigwa kura ya kumtoa Sisilia. Watu waliotembea nyuma yake karibu mwaka mzima kwa raha zao wakanyoosha mikono, na ilinyooka vizuri kabisa.

"Mimi nilisugua," Sisilia alisema. "Asiyesugua anajijua."

Akaiacha keki yake mezani, akaondoka. Keki ililiwa.

Kesho yake asubuhi njia ilikuwa imefika kwa Glenys. Ilikuwa imetoka msituni, ikashuka na barabara kuu, ikapinda kwenye duka la samaki na chipsi, na kuishia kwenye ngazi za mlango wake, pamoja na vishikio vyake vya mbao na makangaga ya msituni pande zote mbili. Katika matope yake kulikuwa na alama za buti za mtu mmoja, kisigino cha kulia kimemeguka, kutoka mlangoni hadi kwenye mizizi ya mkauri. Buti zenyewe zilikuwa barazani, na kisigino cha kulia kilikuwa kimemeguka. Glenys alizifagia alama, zikarudi. Jirani alikata nyasi zake akiizunguka njia.

Jumatano kamati ilikuja. Walizitazama alama, wakazitazama buti, kisha Murray akatoa kamba, akapima upana wa njia.

"Inaanzia hapa hapa kwako," alisema. "Basi hatuhangaiki tena na maegesho."

Wote waliona ni jambo la manufaa. Walisugua viatu kwenye beseni la Glenys, wakaenda hadi kwenye mnyororo na kurudi, wakikanyaga pembeni ili wasivuruge alama. Jarida liliandika kwamba choo kipo kwa kiongozi. Mwezi uliofuata Glenys alichaguliwa tena bila kupingwa.

Jumapili moja ya Aprili, Sisilia alipita mtaa huo akitoka kanisani. Alipokaribia, matope yalikauka, na kilima cha kule msituni kikajilaza, Glenys akikiona kutoka dirishani. Sisilia alitoa brashi ndogo mkobani, akasugua soli zake, ya kushoto kisha ya kulia. Akainua mguu aikanyage njia. Halafu akakumbuka kwamba yeye si mwanachama, akaurudisha kwenye lami, akaenda nyumbani kwa kuzunguka.

Glenys alikuwa amezizoea zile alama, hata alikuwa akianika nguo juu yake. Kilichomchoma ni kile kilima.

"Hata sasa kinamnyenyekea," alisema, akavuta pazia.