Chini ya Uwanja wa Ndege

Kitu cha kwanza Ploua alichokiona ni vitundu vya sindano. Shati la mgeni lilikuwa safi, limepigwa pasi, lakini juu ya mfuko palikuwa na mstari wa vitundu vidogo, mahali nembo ilipofumuliwa. Ploua alikuwa mtarizi. Jicho lake hukimbilia uzi uliong'olewa kabla ya kuutazama uso wa mtu.

Mgeni alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Ndani, kaka yake Ploua, Chue, alilazwa juu ya machela ya mianzi, amevikwa nguo za katani alizotariziwa na dada yake huyo.

Xeng, mkalimani, alijikuna shingo. "Bwana anawapa pole. Kesho ndege itadondosha mchele. Ila mtu akiuliza, Chue kafa kwa malaria. Anasema hapa Laosi hakuna vita."

Baba mdogo wa Ploua alicheka kwa pua. "Malaria gani hiyo, mwanangu, iliyoingilia kifuani ikatokea mgongoni?"

"Mzee wangu, usiniponze. Wanaume wote wamepewa bunduki, nani kalima? Hawa wageni wakikasirika tutakula mawe."

Mzee Nhia Pao, mwimbaji wa njia ya wafu, alikuwa akisubiri. Wimbo wake humrudisha marehemu kijiji kwa kijiji hadi nyumba aliyozaliwa, akafukue kondo la nyuma alilozaliwa nalo, lililozikwa chini ya nguzo kuu, alivae kama koti, ndipo mababu wampokee. Lakini kwanza humwambia kilichomuua. Asiyejua hubaki njiani akiuliza.

"Niimbe nini?" aliuliza.

Baba mdogo alitazama kapu la mchele. Lilikuwa tupu. Akainamisha kichwa. "Imba malaria."

Zumari la mianzi likalia. "Chue, homa imekuchukua," mzee aliimba, na sauti yake ilikwaruza. "Rudi kwenu, kwenye nguzo kuu, ukachukue vazi lako."

Nguzo ipi? Katapila la hao hao wageni liliing'oa pamoja na kijiji chao kizima cha zamani, wakashindilia udongo ili ndege zao zitue. Kila mtu mle ndani alijua. Mgeni akatazama saa yake.

Ploua hata sokoni bei huitaja kwa kunong'ona. Na wimbo wa njia haukatizwi, sembuse na msichana. Aliinuka, akapiga magoti penye sikio la Chue. Zumari likanyamaza.

"Kaka, si homa," alisema, na nyumba nzima ikasikia. "Ni risasi. Umekufa kwenye vita vyao, na aliyekupa bunduki yuko hapo mlangoni. Ukifika kwetu usitafute nyumba, hawakuiacha. Tafuta uwanja wa ndege. Chimba pale magurudumu yanapogusa ardhi, chimba mpaka ulipate vazi lako. Ndege ikija, usiipishe."