Kibuyu cha Ukweni

Gari lilipomaliza mteremko na kuingia tambarare ya Gehandu, Mjomba Maximilian aliacha kuimba. Tangu walipotoka mji wa Daudi alikuwa akiimba nyimbo za kwaya na kupiga dashibodi kwa kiganja, kwa sababu leo mpwa wake Gervasi alikuwa akabidhiwe Loveness, binti wa mzee Qamara. Ng'ombe walishapelekwa wiki iliyopita. Kilichobaki ni kunywa pombe ya asali kutoka kibuyu kimoja na wakwe, basi, mke amepatikana.

"Hilo koti limevimba ubavuni," alisema mjomba. "Usiniambie umekuja nayo."

"Nina kibali cha polisi."

"Sijauliza kibali. Nimeuliza kama umekuja nayo ukweni."

Gervasi alikaza macho barabarani. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu swaumu, na mwaka jana watu watatu walimpora simu na viatu, wakamwacha peku kando ya njia akilia kama mtoto. Viatu alishavisahau. Kilio hakukisahau. Siku aliyopata bastola aliapa kwamba hatalia tena mbele ya mtu.

"Mjomba, wenye mikuki wanatembea nayo mchana kweupe. Mimi raia mwema, nimehojiwa, nimesajiliwa, nikibeba yangu imekuwa kosa?"

"Mkuki nauona. Nikiuona najua nipite wapi. Yako nitaionaje kabla haijanitoboa?"

"Ndiyo faida yake! Mwizi asijue nani anayo."

"Na mkwe naye asijue?" Mjomba alicheka bila furaha. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Iache garini."

"Siruhusiwi kuitelekeza. Ikiibiwa, nafungwa mimi."

Mjomba akageukia dirishani, na Gervasi akaona ameshinda.

Kwa mzee Qamara palikuwa na desturi ambayo hata walevi waliiheshimu. Kila mwanamume aliyeingia aliacha silaha yake kwenye ua wa miiba, wazi, ikionwa na wote: mikuki imechomekwa ardhini, sime zimening'inizwa, fimbo zimeegemezwa. Watu hawanywi kibuyu kimoja huku kuna makali kati yao. Gervasi aliegemeza fimbo yake, akaingia akitabasamu, akainama kwa uangalifu koti lisifunuke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani kwako."

Bura, kaka mkubwa wa Loveness, akaja na mgolole mpya, shuka la kumvisha bwana harusi. "Vua koti, shemeji. Utavaa mgolole juu ya koti kama gunia la mahindi?"

"Naona baridi."

"Baridi saa saba mchana! Watu wa Daudi mmeharibiwa na ukungu." Wazee wakacheka. Bura akamzungushia nguo kiunoni ili aifunge, na mkono wake ukagonga chuma.

Mkono ukasimama. Gervasi alisikia pumzi ya shemeji yake sikioni, mara moja, mara mbili. Kisha Bura akamaliza fundo polepole, akampigapiga begani na kutoka nje.

Aliporudi alikuwa amejifunika blanketi hadi shingoni.

Mdogo wake akanyanyuka, akatoka, naye akarudi na blanketi. Kisha wa tatu. Jua lilikuwa la kuchoma mawe, nao walikaa mstari mmoja wamejifunika kama wagonjwa, wakimtazama. Gervasi alichungulia uani. Mikuki ilikuwa palepale. Sime zote zimetoweka.

Jasho likamtiririka mgongoni. Aseme? Nani angemwamini sasa? Aitoe aikabidhi? Lakini ili aitoe, ilimbidi kwanza aishike, na nani angesubiri kujua anaishika kwa nia gani? Vidole vyake vilianza kutambaa vyenyewe kuelekea ubavuni. Blanketi la Bura likatikisika.

Ndipo Loveness alipoingia na kibuyu, akapiga magoti mbele yake. Akaona uso wa mchumba wake, akageuka akawaona kaka zake.

"Mbona wote wanaona baridi?" alinong'ona.

"Wamejua ninayo."

"Unayo nini?" Macho ya Gervasi yakashuka ubavuni, na msichana akaelewa. "Shika kibuyu. Kwa mikono yote miwili. Usikiachie hata nyuki akikuuma."

Akapenyeza mkono wake chini ya mgolole na koti, akaichomoa bastola mbele ya wote. Mama mmoja alipiga yowe. Loveness akaivusha uani, mdomo wa bastola ukiwa umeelekea chini, akaiweka penye fimbo. Kisha akaingia nyumbani kwa mama yake, akafunga mlango.

Mzee Qamara akamgeukia Gervasi.

"Kijana, kati yetu ulikuwa unamwogopa nani?"

Gervasi alitafuta jina, asilipate.

"Ungeniambia langoni ningetoka na kiti changu, tukakaa wote nje, wewe na chuma chako na mimi." Akakitwaa kibuyu mikononi mwake, akakiinamisha. Asali ikanywewa na vumbi. "Ng'ombe wenu wako zizini. Wachukueni."

"Mzee, naomba nizungumze na Loveness."

"Mlango umefungwa na yeye, si mimi."

Mjomba Maximilian alitangulia uani. Akaiokota bastola kwa vidole viwili, akailaza juu ya kiganja kilichonyooshwa, kila mtu aione. Hakuna aliyepumua kwa nafuu. Silaha ilikuwa nje, lakini mablanketi hayakufunguliwa.

Ng'ombe wakatolewa. Mahari iliyokataliwa huswagwa na wenyewe, kwa hiyo gari lingebaki; wangetembea kwa miguu nyuma ya mifugo, saa nzima ya vichaka hadi kijiji cha kwanza.

"Mgeni hurudishwa na mwenyeji," alisema Bura. "Tutawasindikiza."

"Msijisumbue, shemeji," alisema Gervasi.

"Usiniite hivyo."

Wale ndugu watatu wakajipanga nyuma yao, mikono ndani ya blanketi. Gervasi alianza kutembea, akiwapigia ng'ombe mluzi uliokuwa hautoki vizuri, akisikiliza kama hatua za nyuma yake zinakaribia.