Walionunua Wote Walimtukana

Kosa la kwanza Leonia alilikubali mwenyewe kabla hajaulizwa: pilau alilipika mapema. Mtu mzima, mwenye stashahada yake ya ufugaji nyuki, aliita nusu ya mtaa kule Isevya waje washerehekee mauzo ya kozi ambayo bado hata mtu mmoja hajainunua. Watu wakala, wakalamba vidole, wakampongeza. Jioni ile mauzo yakaja kama mvua ya Agosti, yaani hayakuja, ila matone machache.

"Nimekula ushindi kabla ya mechi," alimwambia Wilbroad kwenye simu. "Na mifupa nimempa mbwa wa jirani. Hata ushahidi sina."

Wilbroad hakucheka. Alikuwa mtoto wa dada yake, anaishi Dar es Salaam, kazi yake kuuza vitu vya watu mtandaoni. Yeye ndiye aliyemshawishi Leonia arekodi masomo, yeye ndiye aliyefungua ukurasa wa kuuzia, na sasa alipanda treni kuja Tabora kutafuta ugonjwa uliomuua mgonjwa wao.

Kozi iliitwa "Mzinga Wako wa Kwanza". Leonia aliirekodi kiangazi kizima, porini upande wa barabara ya Sikonge, jasho likimtiririka ndani ya vazi la nyuki. Alikuwa ameacha kazi ya kuzunguka vijijini na pikipiki ya ofisi kwa ajili ya jambo moja tu: kufundisha nyuki kwa mdomo wake mwenyewe, na vichekesho vyake, bila bosi wa kumwambia "mama, tuwe makini kidogo". Kozi ikifa, anarudi kwenye pikipiki na kwa bosi. Magoti yake yalishakataa pikipiki. Moyo ulishamkataa bosi.

"Tuanze na bei," Wilbroad alisema. Kompyuta yake ilikuwa mezani, katikati ya chai na sahani ya viazi vitamu. "Mama mdogo, bei iko juu."

"Juu ya nini? Mtu ananunua debe la mahindi kila mwezi, na hilo debe halimfundishi kitu."

"Basi muda. Umeuza wakati wakulima wa tumbaku hawajalipwa."

"Wakulima wa tumbaku wana mizinga tangu kabla sijazaliwa. Hao sikuwaita. Niliwaita watu wa mjini wanaotaka kujifunza."

"Basi picha. Mtandaoni watu wanapenda sura ambayo..." Akasita.

"Malizia, mwanangu."

"Sura yenye mvuto wa kibiashara."

"Eee! Sema mama mdogo mbaya, tule viazi vingali vya moto."

Nje ya uzio akapita Veneranda, jirani, na ndoo yake kichwani. "Mwalimu! Pilau lingine lini?"

"Subiri nifilisike vizuri!" Leonia alimjibu, wakacheka wote wawili. Lakini alipogeuka, cheko lilikuwa limebaki nje na Veneranda.

Wilbroad akamwonyesha mchoro kwenye kompyuta. Jumamosi ile ya uzinduzi watu walijaa kwenye laivu, matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni. Mstari ulipanda, ukapanda, halafu ukaanguka chini kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

"Hapa ulikuwa unasema nini?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nafurahi."

Video ya siku ile hawakuwa nayo, maana Leonia alisahau kubonyeza pa kuihifadhi. Wilbroad akaanza kueleza habari za rangi ya kitufe cha kununulia. Leonia alimsikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri zamu yake, kisha akavuta simu.

"Mgeni akiondoka kwako bila kula, huulizi mlango. Unamuuliza yeye. Nipe namba za waliojiandikisha wakakimbia."

Wa kwanza alikuwa Flavia, mwalimu wa shule kule Bukoba. Alipokea kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ulitukimbia?"

"Mama, nilikuwa naitaka sana ile kozi. Lakini naomba usinielewe vibaya..."

"Nitakuelewa vizuri. Sema tu."

"Si ulikiri mwenyewe, mama? Kwamba nyuki unawaogopa, na ile asali uliyotuonyesha uliikoroga jikoni kwa sukari guru. Nilikuombea, mama. Ila kununua sikuweza."

Leonia alikuwa amekaa, lakini akajikuta anatafuta tena pa kukaa. Akampigia mwingine, bwana mmoja wa Njombe. Naye alikuwa na heshima kuliko askofu. "Nakupongeza kwa ukweli wako, mama. Matapeli wengi hawakiri."

"Ulisema hivyo?" Wilbroad alikuwa amesimama. "Kwenye laivu? Mbele ya wateja?"

"Nilisema," Leonia alijibu taratibu, kumbukumbu ikimrudia kipande kwa kipande. "Lakini nilikuwa namjibu Lukumani."

Lukumani alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo na Mnyamwezi kama Leonia ni watani. Walifahamiana kwenye treni zamani, Leonia akitoka chuoni. Kijana mmoja asiyemjua, ndiye Lukumani, alifungua kikapu cha Leonia, akatoa chupa ya asali, akaiweka kwapani na kusema, "Ahsante, mbeba mizigo, umenipunguzia safari ya kwenda dukani," akaenda zake. Abiria wengine walidhani wizi. Leonia alimfuata behewa la pili, akamvua kofia, akaivaa mpaka Tabora. Tangu siku hiyo hawajawahi kusalimiana salama.

Na baba yake Leonia alipofariki, Lukumani alisafiri kutoka Kisarawe bila kuitwa. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea uani akikohoa vile vile alivyokuwa akikohoa mzee na kuwafokea watu vile vile. Mama yake Leonia, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu kifo, akacheka mpaka akalia. Ndipo akakubali uji.

Huyo ndiye aliyeingia kwenye laivu siku ya uzinduzi na kuandika: "Jamani msinunue! Huyu nyuki anawaona kwenye kalenda. Asali yenyewe sukari guru!" Na Leonia, moyo mweupe, alimjibu kama mtani anavyojibiwa: "Umenikamata, mtani. Nyuki nawaogopa kama ninyi Wazaramo mnavyoogopa jembe. Na asali nimeikoroga jana, mwiko uko jikoni, njoo uulambe!" Akacheka peke yake mbele ya kamera, akidhani nchi nzima inacheka naye.

Wilbroad alijishika kichwa. Amezaliwa mjini, utani anausikia kwenye harusi.

"Sasa nipe walionunua," Leonia alisema.

"Wa nini tena? Hao si wagonjwa."

"Nipe."

Alipiga Mpwapwa, kwa mtu anaitwa Zablon. "Nani? Mwalimu wa nyuki?" sauti ilipasuka kwenye spika. "Mnyamwezi we! Mzigo leo umeutua wapi mpaka ukapata mkono wa kushika simu?"

"Nimeutua kwa Mgogo mmoja mvivu ananiangalizia. Ulinunua kozi yangu kwa nini?"

"Nilimsikia Mzaramo anakutukana, nikasema huyu mama ana watu. Tapeli hana mtani wa kumtukana hadharani."

Akapiga Manyoni, akaambiwa wazee wake walikula mbegu za kupandia kwa njaa ya njiani. Akapiga Kilosa, akatukanwa miguu. Akapiga Kisarawe kwa mnunuzi mwingine, huko hata salamu hakupewa. Leonia aliwarudishia wote kwa kipimo kile kile, na alipoweka simu chini macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Umeona, mwanangu? Wasionunua wote wameniheshimu. Walionunua wote wamenitukana."

"Naona."

"Hujaona bado. Kisarawe, Kilosa, Mpwapwa, Manyoni. Hiyo ndiyo njia. Babu zetu walitoka hapa na mizigo kichwani mpaka pwani, wakilala kwa hao, wakigombana na hao, wakizikana na hao, mpaka ugomvi ukachoka wenyewe ukawa utani. Kozi yangu imeuzika njiani. Ilipotoka njiani ikafa."

Wilbroad alikubali, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kazi yake, dawa alikuwa nayo papo hapo. Leonia arekodi video ya kuomba radhi, aseme yale yalikuwa maneno ya mzaha na anayajutia. Lukumani afungiwe asiingie tena. Kisha kozi izinduliwe upya na binti mmoja wa Dar, Elieth, anajua kamera, vazi jeupe litamkaa. Leonia atamwandikia maneno.

"Yaani mimi niwe nyuma ya pazia."

"Utapata mapato yako yote, mama mdogo. Sura tu ndiyo inabadilika."

"Na mdomo?"

"Na mdomo."

Leonia alichukua kiazi, akakimenya polepole, akakiweka bila kukila.

"Bosi niliyemkimbia alitaka niwe makini. Wewe unataka niwe Elieth. Afadhali yule, aliniachia sura. Radhi siombi, Wilbroad. Nimkosee nani? Nilimjibu mtani wangu. Aliyekuwa hajui utani nitamfundisha, si mwalimu mimi? Jumamosi naingia tena, na mzinga nitaufungua mbele yao, na Lukumani nataka awe wa kwanza kuniita mwongo."

"Kozi itakufa moja kwa moja."

"Basi ife na sura yangu. Nitaizika mwenyewe, najua kupika pilau."

Usiku ulipita. Asubuhi, kabla hata ya chai, alimpigia Lukumani kumpa habari. Simu iliita sana.

"We mla nazi, umelala na masikio ya nani? Jumamosi nina laivu, njoo na matusi mapya, yale ya zamani yameniharibia biashara."

Kutoka upande wa pili sauti aliyoijua ikaja na maneno asiyoyajua.

"Habari za asubuhi, mama Leonia. Naomba unisamehe sana. Sikujua kama nakuharibia riziki. Kijana wako amenipigia jana akanieleza. Amenieleza kwa heshima kabisa, sina kinyongo. Sitakusumbua tena, mama."

"Mama? Mama yako nani? Lukumani!"

"Mungu akubariki katika kazi yako."

Simu ikakatwa. Leonia alibaki nayo mkononi. Alishatukanwa na mtu yule kwenye treni, sokoni, mbele ya mchungaji, na kaburini kwa baba yake, na hakuwahi kuumia hata mara moja. Hii baraka ndiyo iliyomchoma.

Wilbroad alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Hakuhitaji kuulizwa. "Nilitaka kukusaidia, mama mdogo. Nilimwomba tu akae pembeni."

"Ungemtukana angecheka. Umemwomba." Alitaka kumfokea, lakini alimtazama macho yake mekundu ya usingizi wa treni akaona ni mtoto wa dada yake tu, aliyefanya kazi aliyosomea. "Piga mswaki umalize. Jumamosi utanishikia simu."

Jumamosi walikwenda porini. Mtandao pale unakamata juu ya kichuguu, kwa hiyo Wilbroad alisimama kichuguuni na simu, suruali yake ya mjini imejaa vumbi jekundu, na Leonia chini yake kwenye mzinga. Vazi la nyuki aliliacha kwenye gari walilokodi. Alijifunga kanga kiunoni, akawasha bomba la moshi, akawapulizia nyuki taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Watu wangapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Wamejaa. Wamekuja kuona kama utaomba radhi."

"Hamjambo," Leonia aliwaambia watu wa kwenye simu. "Mimi ni yule yule wa sukari guru. Mlisikia mtu akiniita mwongo, na mlinisikia nikikubali. Yule ni mtani wangu. Kwetu, mtu asiyekujali hakutukani, anakupita. Sitaomba radhi kwa ajili ya mtani wangu, na somo hili hatafundisha mwingine. Nitalifundisha mimi, nikicheka. Asiyependa mwalimu anayecheka, Mungu amwongoze kwa aliyenuna."

Akafunua mzinga. Nyuki walimpanda mikononi, mmoja akamdunga kwenye kidole gumba, akasema "ahsante, na wewe," akaendelea. Alitoa sega, zito, asali ikichuruzika hadi kiwikoni, akaliinua kuelekea kamera. Wilbroad alimwambia kwa sauti ya chini kwamba maswali yameanza kuingia. Flavia wa Bukoba anauliza utani ni nini hasa. Zablon ameshamtukana Leonia miguu.

"Na Lukumani?"

Wilbroad alitafuta jina kwenye kioo. "Yumo. Ameingia tangu mwanzo. Haandiki."

Leonia aliacha kila kitu. Alisogea mpaka chini ya kichuguu, sega mkononi, nyuki wakimzunguka kichwa, akaitazama ile simu kama anatazama uso wa mtu.

"Mtani," alisema, "hii hapa sukari guru yangu, nimeikoroga kwa mikono miwili. Nakuona upo. Nitukane basi."