Stelingi Aliyening'inia Darajani

Usiku wa jana nilimwota Lutengano, ambaye maikrofoni yake inakaa mezani bila mtu tangu Jumanne moja ya Februari. Lutengano ni mdogo wangu. Kwa miaka sita alitafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha Mama Sekela, hapa Tukuyu. Picha ikienda, yeye anaongea juu yake kwa Kiswahili, sauti zote, za askari, za malkia, za majoka. Jumanne hiyo alilazwa kwa kifua. Alhamisi tulimzika.

Katika ndoto ni mchana, mvua inanyesha. Mama Sekela amekaa mlangoni.

"Ingia, mwanangu. Filamu imesimama tangu Februari."

"Imesimamaje?"

"Hakuna wa kuisema."

Naingia. Mabenchi yamejaa. Runinga imekuwa kubwa kuliko kibanda, na ndani yake kuna mji unaoelea juu ya mawingu, na maporomoko ya maji yanayopanda badala ya kushuka. Joka limesimama hewani, mdomo wazi, moto umeganda. Kwenye daraja lililokatika ananing'inia stelingi, ambaye filamu nzima ni yake. Amevaa deraya ya dhahabu na kandambili.

Ni Lutengano.

"Shikamoo, dada Tupoki."

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Wamenipa ustelingi. Mkono unachoka."

Maikrofoni inakohoa. "Sheria unaijua," inaniambia. "Analosema mtafsiri ndilo linalotokea. Na stelingi hafi."

"Kwa hiyo atapona?"

"Akisemewa."

Naishika. Ninahitaji sentensi moja tu, na ninayo: stelingi anapanda darajani, anarudi nyumbani. Lakini picha inaanza kutembea. Magamba ya joka yanawaka moja baada ya jingine, kuanzia mkiani. Maji yanapanda na kugeuka ndege wa fedha, maelfu, wote wanapinda kona kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nafungua mdomo, unabaki wazi.

"Sema basi," anasema mtu wa benchi la nyuma. "Au umekuja kutazama kama sisi?"

"Mwache," anajibu jirani yake. "Hapo ndipo patamu."

Benchi nililokalia sasa ni kitanda cha wodini. Muuguzi ananisogezea dripu kana kwamba ni kiti. "Wewe ndiye ndugu yake? Usimtazame tu. Mwongeleshe."

Siku ile alipolazwa tulitazama filamu kwenye simu yake. Hakuwa na pumzi. Akaniambia, dada, leo tafsiri wewe. Nikamwambia anyamaze tutazame, picha inajieleza yenyewe.

"Dada," anasema Lutengano kutoka darajani, "sikuharakishi, ila nimebakiwa na vidole viwili."

Naileta maikrofoni mdomoni. Namtazama usoni, siyo ndege wala moto. Jasho limemjaa, kifua kinapanda kwa shida vilevile kama wodini. Ile sentensi niliyokuwa nayo siioni tena.

"Stelingi amechoka," nasema. "Amening'inia muda mrefu, watu wamefurahi, inatosha. Anaachia mkono. Joka linampokea mgongoni, taratibu, maana ana kifua."

"Hiyo haimo," inasema maikrofoni.

"Sasa imo."

Anaachia. Joka linajikunja, linampokea, linapita mbele ya mabenchi karibu sana hata joto linanipiga usoni. Lutengano amekaa mgongoni na kandambili zake, anahema vizuri.

"Sauti yako ya joka bado," ananiambia akipita. "Lakini umesema."

Benchi la nyuma wanabishana kama stelingi amekufa au hajafa. Mji unaingia mawinguni.

Nimeamka saa moja asubuhi. Nilipojitazama kwenye kioo, kope za jicho la kushoto zilikuwa zimejikunja ncha. Nilipozigusa zilikatika, zikanuka nywele zilizoungua.

Mama Sekela amepata mtafsiri mwingine, kijana wa Kyela. Anaanza Jumamosi saa nane mchana. Nitakwenda kumsikiliza.