Hodi Kwenye Bomba

Watu wa mji ule walikuwa na shingo nzima, ila hawakuzitumia. Walipita chini ya mnara wa jumba la manispaa asubuhi na jioni, wakitafuta saa kwenye simu zao, na juu ya vichwa vyao saa yenye nyuso nne ilikuwa ikiwaambia bure. Hawakujua kwamba uso wa upande wa soko una mshale uliopinda, wala kwamba chini ya kila uso mwashi wa zamani alichonga jani kwenye jiwe, na hakuna majani mawili yanayofanana. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakuwahi kufika mji ule.

Aliyeyajua hayo yote ni mjane mmoja waliyemwita Mama Saa. Mumewe ndiye aliyekuwa mtunza saa, na alipofariki, manispaa ilimwachia mkewe ufunguo wa mnara kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kila wiki alipanda ngazi, akashika mkono wa chuma na kuuzungusha mpaka jiwe la saa lipande juu. Tuliite jiwe, lakini lilikuwa pande la chuma nene kama gunia la mahindi, likining'inia kwa kamba ya waya ndani ya kisanduku kirefu cha mbao kilichoshuka kutoka kileleni mpaka chumba cha chini kabisa. Kushuka kwake polepole ndiko kulikoipa kengele nguvu ya kupiga.

Katika chumba hicho cha chini alishona fundi cherehani, mdogo wa marehemu, shemeji yake Mama Saa na mtani wake wa kila siku. Zamani chini ya kisanduku palijazwa mchanga, ili jiwe likianguka lizame humo. Shemeji alipohamia, paka walikuwa wameshaugeuza choo. Akalalamika, akabembeleza, mwishowe akautoa mchanga na kupanga majora ya vitambaa mahali pake. Mama Saa alimkubalia. Angemkatalia vipi mtu aliyebaki naye msibani wakati jamaa wengine wanatafuta viatu vyao waondoke?

Kinga iliyobaki ikawa hodi tu. Bomba la chuma lilipita ndani ya kisanduku kutoka juu hadi chini, na kabla ya kuzungusha ule mkono wa chuma, Mama Saa aliligonga kwa nyundo mara tatu. Huku chini shemeji alifungua kimlango cha kisanduku, akaingiza kichwa na mkono, akajibu mara tatu kwa mpini wa mkasi, kisha akatoka nje mpaka kazi ya juu iishe. Hata awe na mteja mwenye pini mwili mzima, alijibu kwanza. Hodi isiyojibiwa ni tusi, ndivyo alivyosema, na kwa hilo alikuwa mtu wa dini.

Wiki ya sherehe ya jumba la manispaa, Mama Saa alipitisha kitambaa kwenye kamba na kitambaa kikanasa. Nyuzi za waya zilikuwa zimekatika na kusimama kama ndevu za mgonjwa. Akazishika kwa vidole.

Alipaswa kusema. Lakini siku chache nyuma mhandisi wa manispaa alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba saa itapiga mbele ya wageni siku ya kuadhimisha jumba. Ikipiga vizuri, itabaki. Ikionyesha ubovu wowote, itang'olewa, na kileleni itawekwa mitambo ya simu. Mama Saa alikuwa ameshazika mume. Hakutaka kuzika na saa yake. Acha ipige siku hiyo moja, aliwaza, halafu nitasema. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri, na alikuwa akiwatolea wengine.

Siku moja kabla ya sherehe alishuka mpaka kwa shemeji yake.

"Shemeji, kesho funga duka."

"Nifunge siku watu wamejaa? Nani amekuroga?"

"Toka nje na wewe uitazame saa, kama wenzako."

"Saa gani, hii isiyojua hesabu? Sisi tunasema saa sita, yenyewe inapiga kumi na mbili. Sijui inatuzidishia au inatucheka."

Mama Saa akacheka naye. Akafungua mdomo amwambie habari ya kamba, akaufunga. Shemeji alikuwa na mdomo usio na kifuniko. Kumwambia yeye ni kuuambia mji.

"Utatoka?"

"Mama Saa akisema, nani abishe? Nitatoka. Ukiwa na wasiwasi, wewe gonga hodi tu."

Asubuhi ya sherehe alizungusha mkono wa chuma. Hodi ilijibiwa kwa mbwembwe, na jiwe likapanda mpaka juu kabisa huku kamba ikilalama. Mama Saa alilalama nayo.

Adhuhuri ilipokaribia alichungulia kwenye kidirisha kando ya uso wa saa, na alichokiona kilimtoa machozi. Uwanja wote ulikuwa umejaa, na watu wote walikuwa wanatazama juu. Wengine walinyoosha vidole kwenye majani ya mawe. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto begani auone mshale uliopinda. Mume wangu, laiti ungeona, alisema kwa sauti, peke yake na magurudumu.

Kengele ikaanza. Kila ilipopiga, kamba ilishtuka, na baada ya pigo la pili uzi mmoja ukakatika mbele ya macho yake. Kisha mwingine. Kando yake palikuwa na komeo la kuizuia kengele. Angelivuta, kengele ingenyamaza, jiwe lingetulia, na mhandisi angejua. Akaweka mkono juu ya komeo. Akatazama tena nyuso zile zote zilizoinuka, akauondoa mkono.

Je, shemeji alitoka? Huyu mtu wa wateja na vijisababu? Akanyakua nyundo akagonga bomba mara tatu, kwa nguvu zake zote, kisha akarudi mbio kidirishani.

Shemeji alikuwa nje. Alisimama mbele ya mlango wake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, uso juu, mdomo wazi kama mtoto. Alikuwa ametoka kama alivyoahidi. Halafu Mama Saa akamwona anashusha kichwa na kugeuka kama mtu aliyeitwa. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani.

"Usijibu," Mama Saa alisema, kisha akapiga yowe, "Shemeji, usijibu!" Kengele ikalimeza yowe lote.

Akarukia komeo. Kabla hajalifikia, bomba likalia kutoka chini, ko. Likalia tena, ko, safi, la mtu mwenye adabu.

Kamba ikakatika, ikampita usoni kwa upepo. Kisanduku kikanguruma kutoka juu hadi chini, na sakafu ya mnara ikatikisika.

Kengele ikanyamaza kabla ya kumaliza hesabu yake, lakini nani katika mji ule alikuwa anahesabu? Uwanja mzima ukapiga makofi, na watu wakaendelea kutazama juu. Mama Saa alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akalisubiri la tatu.