Senti Kumi Yenye Tundu

Fundi miwani alipostaafu, majirani walidhani atakaa kibarazani asome magazeti mpaka azeeke. Badala yake alihamia chumba kilichokuwa cha watoto, akaweka meza, kompyuta, taa ya shingo ndefu na lenzi yake ya kazini, akaanza kuandika katalogi ya sarafu zote zilizowahi kutumika nchini. Mkewe, mkunga mstaafu, alimuuliza itakwisha lini. Akajibu kwamba katalogi haiishi. Kila baada ya miezi mitatu itatoka upya, maana wakusanyaji hawakosi kugundua jambo. Mkewe akasema amezalisha wanawake wengi, lakini mimba ya namna hiyo ndiyo kwanza anaisikia.

Hata hivyo kazi yenyewe ilikuwa safi. Kila sarafu ilikuwa na mstari wake: thamani, mwaka, madini, uzito, umbo, na mwishoni maneno mawili matatu ya kuonyesha kama inapatikana kwa urahisi au kwa kusakwa. Wanachama wa chama cha wakusanyaji walimletea habari, naye akawatumia toleo jipya kwenye simu zao. Wakamwita Mhariri. Yeye alikunja uso kila alipoitwa hivyo, ila alikuwa haitiki haraka kwa jina jingine lolote.

Aliyeisubiri katalogi kwa pupa kuliko wote alikuwa rafiki yake wa tangu shule, mwuza matairi mwenye duka na karakana kando ya barabara kuu. Walimwita Timilifu, kwa sababu alikuwa na kila sarafu iliyoorodheshwa, na kama kuna mtu hakuijua habari hiyo, basi lawama si ya Timilifu. Toleo likitoka asubuhi, jioni yuko mlangoni na kopo la biskuti lililojaa sarafu, salamu yake ile ile: "Umeongeza nini, nikuonyeshe ninacho?"

Mhariri naye, tukisema kweli, nyingine aliziongeza makusudi ili kumkomesha. Mara sarafu iliyopinda herufi moja, mara iliyopungukiwa na nukta. Timilifu angepotea siku kadhaa, akapekua sokoni na kwenye vibweta vya wajane, kisha angerudi amechanua. Mkunga alisema ameozwa mwanamume mmoja akapewa wawili wa kulea.

Sasa, senti kumi za zamani zilikuwa na tundu katikati, mpaka mwaka fulani tundu likafutwa na sarafu ikaanza kutoka nzima. Wakati akipanga toleo moja, Mhariri alinakili mstari wa mwaka wa mwisho wa tundu ili aandike wa mwaka uliofuata bila kurudia yote. Akabadilisha mwaka, akabadilisha uzito, akasahau kufuta neno "tundu". Na kwa kuwa kanuni yake mwenyewe ilisema sarafu ambayo hakuna mwanachama anayo iitwe adimu kupindukia, hii nayo ikaitwa hivyo. Sarafu isiyowahi kuwapo duniani ikazaliwa, tena ikazaliwa mfalme.

Chama kikawaka moto. Kinyozi alikumbuka kabisa kuiona kwa mjomba wake. Mwalimu wa hesabu aliandika maelezo marefu kuhusu kwa nini serikali ilitengeneza chache tu. Mhariri, aliyeuamini mstari wake kama wao, alifurahi mno, akawaahidi kuyatia yote kwenye toleo lijalo. Ila Timilifu safari hii hakuonekana. Siku zikapita, na kila simu ilipopigwa, mke wa Timilifu alijibu kwamba mzee yuko karakanani, amejifungia na hataki kusumbuliwa.

Mwezi ulipokaribia kwisha, akaja. Kopo hakubeba. Alitoa leso mfukoni, akaikunjua taratibu kama anayefunua kidonda: senti kumi, mwaka wenyewe, tundu katikati. Mhariri aliitazama akapigwa na butwaa. Akamwomba amwachie mpaka kesho aipige picha. Timilifu alisita, akasugua shingo, akakubali.

Mgeni alipoondoka, Mhariri aliiweka chini ya lenzi. Sarafu inayotoka kiwandani na tundu huwa na ukingo laini ulioinuka kulizunguka. Hii ilikuwa imekatwa kavu, vichane vya chuma bado vinang'aa, na herufi mbili zimeliwa. Hiyo ilikuwa kazi ya drili. Mhariri alicheka peke yake, akaona leo kampata rafiki yake kwenye kona. Akafungua matangazo ya zamani ya serikali ili aandike hoja yake vizuri, na hapo kicheko kikamkauka. Mwaka ule senti kumi yenye tundu haikutolewa. Si chache, hata moja. Akarudi kwenye kompyuta, akaliona neno lake mwenyewe limekaa pale, linamtazama.

Alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo. Mkunga alicheka mpaka akajifuta machozi kwa foronya. Kisha mumewe akasema labda aufute mstari kimyakimya katika toleo lijalo, mambo yaishe.

"Na shemeji atajiona umemkamata ukamnyamazia," mkewe alisema. "Mficha uchi hazai, mume wangu. Sema la kwako kwanza. La kwake mwachie mwenyewe."

Kesho yake Timilifu alipofuata sarafu yake, alikaribishwa mezani. Mhariri alijikaza kisabuni.

"Ile sarafu haipo," alisema. "Haikuwahi kuwapo. Nilikosea kuandika."

Mkunga, aliyekuwa akimimina chai, aliuliza sukari vijiko vingapi. Timilifu akasema vitatu, ingawa alikuwa amekatazwa na daktari.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ni neno moja nililosahau kulifuta."

Timilifu alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "nimeharibu senti kumi saba nzima, sita zote tundu likaenda upande, kwa ajili ya kidole chako?"

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka, kikombe kikamtikisika mkononi. Wanaume wawili walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akasirike kwanza, na kwa vile hakuna aliyeanza, nao wakacheka. Walipotulia, Timilifu akasema alikuwa ametafuta kila mahali. Kinyozi aliposema ameiona, alifikiri kila mtu anajua ilipo isipokuwa yeye. Halafu akaongeza, akitazama kikombe, kwamba si aibu ya kukosa iliyomsumbua.

"Niliogopa nikija mikono mitupu, hutaniongezea tena."

Mhariri akamsogezea mkate.

Kwenye mkutano wa chama, Mhariri alisimama akakiri kosa lake mbele ya wote. Kinyozi akakumbuka kwamba mjomba yule, Mungu amrehemu, macho yake hayakuwa mazuri. Mwalimu wa hesabu alieleza, kwa urefu ule ule, kwa nini serikali isingeweza kamwe kutengeneza sarafu kama hiyo. Kisha Timilifu, bila kuulizwa, akazimwaga mezani zote saba. Watu waligombania kuzishika kuliko walivyowahi kugombania sarafu halali.

Tangu hapo hakuna toleo linalotoka kabla halijasomwa kwa sauti. Msomaji ni Timilifu, mwenye koo lililozoea kushindana na mashine ya kujazia upepo, na Mhariri anafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku ya kwanza walikwama mapema, wakabishana kama ndege aliye kwenye senti tano anatazama kushoto au kulia. Mmoja alitaja kanuni za kiwanda, mwingine akataja macho yake mawili. Mkunga alipita akienda kumwagilia maua, akawakuta. Akarudi na ndoo tupu, bado wako pale pale. Akaichukua sarafu, akaigeuzageuza dirishani.

"Huyu ni samaki," alisema, akawarudishia.

Kisha Mhariri akanyoosha mkono, akaomba lenzi.